Sombe ya Babu na Vidonge vya Mzee Bukuru

Ile video mmeshaiona, msijifanye. Imezunguka kwenye magrupu yote ya Rusimbi, imefika hadi Kibirizi kwa wauza dagaa, na mama yangu aliyeko Kidahwe, ambaye simu yake ni ya tochi tu, naye ameoneshwa na jirani mwenye huruma. Yule msichana aliyevaa aproni ya maua, maiki mkono mmoja, mwiko mkono mwingine, mdomo wazi kama mgebuka aliyetolewa majini sasa hivi, ndiye mimi, Zuwena, Zuu kwa mnaonidai heshima. Nimeona aibu mpaka imeniishia, kwa hiyo acha nisimulie mwenyewe, maana video ya dakika moja haiwezi kubeba upumbavu wa miaka mitatu.

Yote yalianza na kifua cha Babu. Mimi naishi kwa Babu na Bibi hapa Rusimbi kwa ajili ya shule, na nilikuwa ndiyo kwanza nimeingia kidato cha kwanza siku Babu alipopanda kamlima ketu akitoka msikitini, akashika kifua, akakaa juu ya tofali la watu na kutoa jasho jembamba. Hospitali wakasema ni presha, moyo unafanya kazi kupita kiasi, apunguze chumvi, apunguze mafuta, apunguze nyama, atembee kila asubuhi. Daktari alisema apunguze. Tatizo ni kwamba Babu yangu hajui kupunguza, anajua kuacha (sigara aliziacha kwa kuzitupa ziwani pamoja na koti lililozibeba, na lilikuwa koti zuri, Bibi bado analilia). Akarudi nyumbani, akatukusanya sebuleni mimi, Bibi na paka, akatangaza sheria mpya: "Kuanzia leo sili chenye macho. Kikikutazama, usikile."

Nyama ikaenda, kuku akaenda, mayai yakaenda (yana macho ndani, alisema, yanasubiri tu), maziwa yakaenda kwa sababu ng'ombe mwenyewe anatazama. Na samaki, jamani, samaki! Hapa Kigoma, mahali ambapo mgeni akiteremka huulizwa kwanza kama ameonja migebuka, jina lake baadaye.

Kama haitoshi, akawashawishi wazee wenzake wakaanzisha Kikundi cha Moyo Mwepesi, wazee tisa, traksuti tisa zisizofanana, kila alfajiri wanatembea kuelekea ziwani na kurudi wakihema kwa pamoja, na wote wakala kiapo kile kile cha macho. Wanane walikuwa na wake zao nyumbani. Wa tisa ni Mzee Bukuru, fundi seremala mstaafu, mjane wa siku nyingi, anajipikia mwenyewe kwenye kijisufuria kimoja chenye mkono mmoja. Mzee Bukuru ni aina ya mtu ambaye akiambiwa usikanyage majani atazunguka hadi mtaa wa pili. Mchicha wake alikuwa anauosha mara tatu asije akameza mdudu mwenye macho kwa bahati mbaya. Mkumbuke huyo.

Basi nesi Odilia wa kituo cha afya, ambaye alikuwa anakuja kuwapima presha kila mwezi, aliposikia kiapo hakucheka (mimi nilicheka). Akawakalisha chini. "Wazee wangu, hongereni kwa mboga na kutembea, moyo unapenda. Lakini kuna vitamini inaitwa B12, haipatikani kwenye majani, iko kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa. Mwili una akiba yake. Akiba ikiisha, damu inapungua, miguu inaingia ganzi, halafu kuna kitu kinazidi kwenye damu ambacho hakina urafiki na mishipa ya moyo. Unaweza kuukimbia ugonjwa wa moyo mbele ukakutana nao nyuma. Kwa hiyo anayeacha vyote hivyo ameze vidonge."

Babu akanyoosha mkono kama mwanafunzi anayejua jibu. "Sista, ng'ombe dume analima shamba zima kwa nguvu za majani. Umewahi kumuona anameza kidonge?"

"Mzee, ng'ombe ana tumbo lenye vyumba vinne, na vijidudu humo vinamtengenezea vitamini. Wewe una chumba kimoja, na mwenyewe uliniambia maharage yanakusumbua."

Wazee wakacheka, Babu akanuna, na alipokuja kupewa kichupa chake cha vidonge akakizika kwenye droo ya betri zilizokufa. Wenzake wakafuata mfano wa mwenyekiti wao, mpaka Mzee Bukuru mtiifu (mwenyekiti kasema).

Sasa tuje kwenye dhambi yangu. Bibi alikataa katakata kupika mara mbili. "Mimi niliolewa na mume mmoja," alisema, "vyungu viwili vya nini?" Kwa hiyo chungu cha Babu nikakabidhiwa mimi. Sufuria kubwa ya nyumba ilikuwa ya Bibi: sombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa, na mawese, na dagaa waliotwangwa humo humo kwenye kinu mpaka wakawa unga. Sufuria ndogo ilikuwa ya Babu: sombe, mawese kijiko kimoja kwa agizo la nesi, kitunguu, na huzuni. Kila siku baada ya shule nawasha majiko mawili, naosha sufuria mbili, na masizi ya sufuria ya pili, wallahi, yalikuwa yananichukia binafsi.

Nilivumilia wiki mbili nzima. Siku ya kumi na tano mvua ilinyesha, mkaa ukalowa, jiko la pili likagoma, na mimi nikasimama pale jikoni na moshi machoni nikafanya uamuzi mdogo sana, mdogo kuliko dagaa mwenyewe: nikachota upawa mmoja kutoka sufuria kubwa, nikauweka kwenye bakuli la Babu. Basi. Hakuna radi iliyopiga, ingawa mvua ilikuwepo.

Babu akala. Akamaliza. Akafuta bakuli kwa tonge la mwisho, akaangalia bakuli tupu kwa majonzi, akasema, "Mjukuu wangu, leo umepika."

"Asante, Babu," nikajibu, kwa unyenyekevu wa mpishi mkubwa.

Mngekuwa ninyi mngerudi kwenye masizi? Acheni unafiki. Kwanza, kwa sisi watu wa huku, dagaa akishatwangwa kwenye sombe hahesabiwi, mtu anaweza kula sombe yenye dagaa bakuli zima, ukimuuliza amekula nini akakujibu "majani tu," na hadanganyi. Pili, dagaa aliyetwangwa hana macho. Nilitafuta kwa uaminifu kabisa, sikuyaona. Hivyo ndivyo nilivyojitetea moyoni kila siku, mwaka wa kwanza, wa pili, hadi wa tatu.

Mwaka huu, mwezi mmoja kabla ya sherehe ya kikundi kutimiza miaka mitatu, nesi Odilia akawachukua wazee wawili kupima damu: Babu, kwa sababu alikuwa hajameza hata kidonge kimoja na anajivunia, na Mzee Bukuru, kwa sababu alikuwa amekuja kwenye mazoezi amevaa kandambili moja na hajui nyingine ameiachia wapi. Unaelewa? Haikuwa kusahau. Ilimtoka mguuni njiani, na mguu haukumwambia.

Majibu yakaja. Mzee Bukuru hana vitamini hiyo karibu kabisa, damu imepungua, na nesi akamwambia bila kuzunguka kwamba akiendelea hivyo miguu haitarudi, na moyo alioanza kuulinda ndio utakaoumia. Akampa kichupa kipya. Akaanza kumeza. Babu je? Babu damu yake ilikuwa safi kama ya kijana wa kubeba magunia Kibirizi. Nesi akaigeuza ile karatasi mbele na nyuma.

"Mzee, hujameza hata kimoja?"

"Hata kimoja."

"Na huli samaki?"

"Miaka mitatu samaki hajanitazama."

"Sasa unakula nini?"

Babu akanigeukia mimi niliyekuwa nimemsindikiza, kwa fahari ambayo sijawahi kuipata hata kwa matokeo ya mtihani (na matokeo yangu nayajua). "Nakula sombe ya huyu. Zuu, mwambie sista unaweka nini."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema. Mimi nikatazama ukuta, kulikuwa na bango la mti wa mlonge na faida zake, mungu wa waongo huwa hasinzii, nikasema, "Unga wa mlonge."

Nesi akalitazama bango, akanitazama mimi. "Mlonge hauna hiyo vitamini."

"Labda mlonge wa Rusimbi," nikasema.

Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa unajua. Babu alipita nyumba kwa nyumba akieleza kwamba vidonge ni biashara, dawa iko jikoni, mjukuu wake ameigundua. Ajabu ni wake wa wazee wale. Nilitegemea waje mbio kuniomba huo unga, lakini wao walikuwa wananitazama kisha wanatazamana, na mke wa mweka hazina wa kikundi aliniambia kisimani, "Mlonge, eeh? Hongera, mwanangu," akaondoka mabega yakimtikisika. Nikadhani ni wivu. (Mimi huwa najipenda sana, nimeambiwa.)

Siku ya sherehe, uwanja wa ofisi ya mtaa, turubai mbili, maiki, mwenyekiti wa mtaa mgeni rasmi, na kwenye ratiba, baada ya dua na sala, kipengele kilichoandikwa kwa mwandiko wa Babu mwenyewe: "Mapishi ya Moyo, mpishi Zuwena." Rafiki yangu Shukuru akaja mapema akakaa mstari wa mbele, simu imejaa chaji. "Nimekuja kukuunga mkono," alisema, na mimi nikamwamini.

Niseme ukweli, nilikuwa nimejipanga. Nilitafuta unga wa mlonge halisi kwa jirani, wa kijani, nikaupikia sombe mbele ya watu wote kwenye jiko la mkaa huku naongea na maiki kwa sauti ya watangazaji: "Ndugu zangu, mlonge unatiwa taratibu, msiupe presha, nao hautawapa presha." Watu wakapiga makofi. Wakaonjeshwa. Wakasema, "Mmh, ndiyo yenyewe hii!" na wengi wao walikuwa hawajawahi kuonja yangu hata siku moja. Babu tu ndiye aliyeweka kijiko mdomoni akasita, akatafuna tena, akaniinamia sikioni, "Zuu, leo imepungua kitu." Nikamwambia ni jiko la ugenini.

Yaani nilikuwa nimeshinda, jamani. Nilikuwa nimebakiza kuinama na kuondoka.

Ndipo Babu akasimama. Hakuhitaji maiki, alifanya kazi bandarini miaka thelathini, sauti yake hushindana na honi ya meli. "Wenzangu, mmeona wenyewe. Damu yangu imepimwa, sijameza kidonge hata kimoja. Mwenzetu Bukuru ametishwa akaanza kumeza. Bukuru, njoo! Lete hicho kichupa chako, kitie kwenye jiko hili mbele ya mashahidi, na kuanzia leo mjukuu wangu atakupa mlonge wake."

Mzee Bukuru akainuka mstari wa tatu. Akaja polepole, anatembea kama mtu anayepima ardhi kabla ya kuiamini, anatabasamu kwa sababu mwenyekiti wake kamwita. Na nyuma yake, pale alipotoka, ikabaki kandambili moja ya bluu kwenye vumbi, na yeye hajui. Alipita katikati ya watu wote wale na mguu mmoja peku, juu ya kokoto, hajui.

Nesi Odilia alikuwa mwisho wa uwanja, kwenye meza ya presha, kamfunga mtu mkanda mkononi. Nilimwona anainuka, anapiga kelele kitu, makofi yanammeza. Mzee Bukuru akafika mbele yangu. Akatoa kichupa mfuko wa shati. Akafungua kifuniko, akanyoosha mkono juu ya mkaa wangu.

"Asante, mwanangu," aliniambia mimi. Mimi!

Sikupanga. Mngejua jinsi nilivyokuwa na hamu ya kunyamaza. Mdomo ulifunguka wenyewe, na maiki, ambayo hakuna aliyekumbuka kuizima, ikaupeleka ule ukelele mpaka barabarani: "USITIE! NI DAGAA!"

Spika yenyewe iliacha kukoroma.

"Dagaa gani?" akauliza Babu.

"Kwenye sombe yako, Babu."

"Leo?"

"Leo ndiyo hawamo. Siku zote ndiyo wamo. Tangu kidato cha kwanza."

Babu akanitazama. Akasema taratibu, na hii ndiyo sehemu mnayoirudia rudia kwenye video, "Dagaa... wenye macho?"

Na mimi, badala ya kumwomba msamaha mtu mzima, nikajibu kwenye maiki, "Waliotwangwa, Babu."

Uwanja ulipasuka. Watu walicheka mpaka turubai likatikisika, mgeni rasmi alijificha nyuma ya ratiba, Shukuru alikuwa analia machozi lakini simu haikutetereka (rafiki wa kweli). Mimi pia karibu nicheke, mpaka nilipomwona Babu anavua kofia yake, anakaa kwenye kiti, na kuishika kofia magotini kwa mikono miwili. Miaka mitatu mtu anajivunia kiapo chake kwa dunia nzima, kumbe kiapo kilivunjwa na mjukuu asiyependa kuosha sufuria.

Nesi Odilia alikuwa ameshafika. Akakichukua kichupa mkononi mwa Mzee Bukuru, akakifunga, akamrudishia mfukoni. Kisha akanipokonya maiki, akaniambia pembeni, "Mdomo ni wa mzee, kinachoingia humo anaamua yeye, si wewe," na kabla sijajitetea akawageukia wanawake. "Kina mama. Namuuliza kila mke wa mzee wa kikundi, na nataka ukweli kwa sababu hizi ni damu za watu. Nani mwingine anatia dagaa?"

Kina mama wakatazamana. Kisha Bibi yangu, Bibi mwenyewe, akainua mkono huku anatazama juu ya turubai. "Unadhani nilikuwa nahesabu sufuria yangu inapungua yenyewe?" aliniambia kwa mbali. "Nilikuwa naongeza dagaa wa upawa wako."

Baada yake, mke wa mweka hazina. Baada yake, wawili kwa pamoja. Mikono minane, mmoja baada ya mwingine, na kila mkono ukipanda mzee mmoja anageuka kwenye kiti chake: "Na wewe?!"

"Kwani dagaa ni samaki?" akajibu mke wa katibu. "Dagaa ni kiungo. Ulitaka nikupikie sombe gani, ya mfungwa?"

Katika Kikundi chote cha Moyo Mwepesi, kiapo kilikuwa kimeshikwa na mtu mmoja tu. Jambo hilo likatuingia wote kichwani kwa wakati mmoja, na kicheko kikaisha. Mzee Bukuru alikuwa bado amesimama mbele, mguu mmoja peku, anatuangalia. Hakuwa na hasira, na ingekuwa nafuu angekuwa nayo.

"Kwa hiyo miaka mitatu nakula majani peke yangu," alisema. "Jamani. Si mngeniita tu?"

Babu ndiye aliyeinuka. Alitembea mpaka mstari wa tatu, akaokota ile kandambili ya bluu, akarudi nayo, akapiga goti moja kwenye vumbi (magoti yake yakalia, maiki ikayanasa) na kumvisha mwenzake. Hiyo sehemu Shukuru hakuirekodi. Anasema chaji iliisha.

Siku nne Babu hakusema na mimi. Alikuwa anapitishia kwa Bibi, nami nimekaa hapo hapo: "Mwambie mjukuu wako anipe chumvi. La, mwambie asinipe, nina presha." Siku ya tano akatoa hukumu. Nesi alikuwa amemweleza kwamba dagaa si adui wa moyo, angeweza kuwala bila chumvi nyingi na maisha yakaendelea, lakini Babu, kama nilivyosema, hajui kupunguza. Alisema safari hii kiapo kitakuwa cha kweli, na Mzee Bukuru hatashika kiapo peke yake tena: atakula kwetu kila jioni. Kwa hiyo sasa napika vyungu viwili, na cha majani kimekuwa kikubwa, na Babu anakikagua kwa tochi kabla hakijaondoka jikoni. Wakimaliza kula wanatoa vichupa, wanatazamana, wanameza pamoja kwa sura za watu wanaokunywa shubiri. "Ng'ombe hawa wawili," anasema Bibi.

Juzi Mzee Bukuru aliingia kwetu jioni kama kawaida, akajigonga kidole cha mguu kwenye kizingiti, akapiga yowe lililotoa kuku wa jirani kwenye banda. Tukakimbia. Tukamkuta amekaa chini, amekikumbatia kidole kwa mikono miwili, anacheka na machozi yanamtoka.

"Kinauma!" ananiambia. "Zuu, mwanangu, kinauma kwelikweli!"

Babu akamtazama, akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu sherehe akaniambia moja kwa moja, "Umesikia? Hiyo sasa siyo kazi ya mlonge."

Nimeapa sitachota tena kutoka chungu cha mtu na kumpa mwingine, mvua inyeshe, mkaa ulowe, masizi yanichukie. Na nikiulizwa nimeweka nini, nitasema, tena kwanza nitahakikisha maiki imezimwa. Sasa niacheni, nina sufuria mbili zinanisubiri.